1888: Mkataba Ambao Mangungo Hakuusaini

Kila mwaka, ninapofikia mhadhara wa kugawanywa kwa Afrika Mashariki, huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali moja: ni nani aliyeiuza nchi hii kwa Wajerumani? Huwa sijamaliza kuuliza, nusu ya darasa inajibu kwa pamoja: "Mangungo!" Hucheka, nami hucheka nao, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa mimi mwenyewe nikiwa shule ya msingi. Chifu Mangungo wa Msovero, Usagara, Novemba 1884. Carl Peters na karatasi yake ya Kijerumani. Mtu asiyejua kusoma akatia alama yake, na nchi ikaondoka.

Mwaka huu binti mmoja aliyeketi nyuma alinyoosha mkono baada ya kicheko kutulia. Akasema: "Mwalimu, sisi nyumbani ni Pangani. Mangungo hakuwa na amri juu ya Pangani. Je, sisi alituuza nani?"

Ndugu msomaji, ni swali zuri kuliko langu. Nilimjibu kwa dakika kumi zilizobaki, na nilipotoka darasani nikajua sijamjibu vya kutosha. Makala hii ndiyo salio la jibu lake.

Karatasi za bara na tatizo la bandari

Tuanze na yale ambayo kila mtu anayajua. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters na wenzake walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za wakubwa wa vijiji kwenye karatasi. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi, na karatasi zile zikageuka mali ya kampuni iliyokuja kujulikana kama Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alipinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, naye akanyamaza.

Lakini itazame ramani. Usagara na Ukami ziko bara. Kampuni ilikuwa imepata nyumba isiyo na mlango. Pembe za ndovu, mpira, nguo, bunduki, baruti, vyote vilipita Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na Mikindani, na forodha za miji hiyo zilikuwa za Sultani. Asiye na bandari hana biashara ya bara, awe na alama za machifu mia.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakaa na kugawana. Zikamwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kutoka Ruvuma hadi Kipini. Nchi iliyobaki zikaigawa kwa mstari uliotoka mto Umba, kaskazini ya Tanga, kuelekea Ziwa Viktoria. Barghash hakuwa na kiti katika mapatano hayo. Aliletewa yaliyokwisha kuamuliwa, akatakiwa ayakubali, akayakubali. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Nakuomba uushike msemo huu, kwa maana tutaurudia, na mara ya pili utamgeukia mtu mwingine.

Tarehe 28 Aprili 1888

Barghash alifariki Machi 1888. Ndugu yake, Khalifa bin Said, akashika ufalme. Hakumaliza hata mwezi wa pili: tarehe 28 Aprili aliweka saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani yote kutoka Umba hadi Ruvuma kwa muda wa miaka 50. Kampuni ingetawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Ingekusanya ushuru wa forodha, ingeweka maofisa, mahakama na kodi, ingesimamia ardhi isiyo na wenyewe, na Sultani angelipwa kutokana na mapato hayo. Mwaka mmoja nyuma, Mei 1887, Barghash alikuwa amewapa Waingereza mkataba wa namna hiyo hiyo kwa pwani ya kaskazini ya Umba, ambako leo ni Kenya.

Huu ndio mkataba uliowauza watu wa Pangani, ikiwa neno kuuza linafaa. Angalia basi tofauti yake na ule wa Mangungo. Khalifa hakuwa mtu asiyejua kusoma. Alikuwa na makarani, alikuwa na mabalozi wa nchi za Ulaya barazani kwake, alijua kodi ni nini na miaka 50 ni muda gani. Hakulewa wala hakudanganywa kwa maana ya kawaida ya kudanganywa. Alikuwa mtawala dhaifu mbele ya dola zenye manowari, akachagua kupokea malipo kwa kitu ambacho aliona kitachukuliwa kwa vyovyote vile. Unaweza kumlaumu, unaweza kumhurumia. Huwezi kumwita mjinga.

Hapo ndipo hadithi ya Mangungo inapotupoteza. Inatufundisha kwamba nchi hupotea kwa sababu mtu fulani hakujua kusoma. Kwamba tukishapata wasomi wa kutosha, wanasheria na wachumi na madaktari wa falsafa kama mimi, hatari imekwisha. Mkataba wa 1888 unafundisha jambo jingine. Aliyesaini alijua alichokisaini. Waliokosekana mezani ni wale ambao maisha yao yaliandikwa ndani ya karatasi.

Ni nani hawa waliokosekana?

Ukisimama leo kwenye kivuko cha Pangani, ukitazama ng'ambo Bweni, ni vigumu kuamini kwamba mji huu wenye usingizi ulikuwa miongoni mwa miji iliyochangamka zaidi katika Mrima. Misafara iliyotoka Pangani ilipanda bonde la mto kuelekea Usambara, Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Kandokando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa, na sukari ya Pangani ilisafiri kwa majahazi mpaka nje ya Afrika.

Katika mji huo utawala ulikuwa wa tabaka nyingi. Juu palikuwa na liwali, mtu wa Sultani, akiwa na askari wachache. Chini yake, na mara nyingi kando yake, walikuwapo majumbe na madiwani, wenyeji wa ukoo wa Kishirazi, ambao walipokea ada na zawadi kutoka kwa misafara iliyoshuka pwani na waliosuluhisha magomvi ya mji. Walikuwapo Waarabu wenye mashamba, waliokuwa na deni kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Walikuwapo Wahadhrami, wavuvi, mafundi wa majahazi, Waseguju, Wazigua, Wabondei na Wadigo walioingia na kutoka na mazao yao. Na walikuwapo watumwa: wa mashambani, wa majumbani, na wengine waliofanya vibarua mjini na kumpelekea bwana sehemu ya ujira.

Sultani alikuwa mfalme wao kwa namna ya pwani. Jina lake lilisomwa katika hotuba ya Ijumaa, bendera yake nyekundu ilipepea, na kwa mengine waliachwa waendeshe mambo yao. Saadani, chini ya Bwana Heri bin Juma, hata hilo halikukubaliwa kikamilifu. Bwana Heri alijihesabu mwenye nchi yake. Kwa hiyo swali la kisheria ambalo hakuna aliyeliuliza Zanzibar lilikuwa hili: Je, Sultani alikuwa na haki ya kukodisha kitu ambacho yeye mwenyewe alikishika kwa ridhaa ya wengine?

Agosti: bendera na msikiti

Kampuni ilipanga kuupokea utawala katikati ya Agosti 1888. Pangani ilipelekewa ofisa aliyeitwa Emil von Zelewski, ambaye baadaye Waafrika walimpa jina la Nyundo. Jina hilo linamtosha.

Zelewski alitaka liwali, Abdulgawi bin Abdallah, awe chini ya amri yake, na alitaka bendera ipepee kwenye nyumba ya kampuni. Liwali alikataa, alisema hana amri hiyo kutoka kwa bwana wake. Ilikuwa hoja halali. Mkataba wenyewe ulisema kampuni inatawala kwa jina la Sultani, na mtu wa Sultani alikuwa yeye. Zelewski akaita manowari. Wanamaji wakashuka pwani, wakaingia mjini wakimsaka liwali, na bendera ya Sultani ikaondolewa mahali pake.

Siku zile zilikuwa za Idi Kubwa ya mwaka wa Hijria 1305. Katika msako huo Wajerumani waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa akiwa pamoja nao. Kwa mtu asiyeijua pwani, hili ni jambo dogo mbele ya kodi na forodha. Kwa mji uliokuwa katika sikukuu, lilikuwa tangazo. Watu ambao hawakuwahi kuisoma karatasi ya 28 Aprili waliusoma mkataba huo siku ile, kwa macho yao, kwenye sakafu ya msikiti.

Baada ya hapo zikafuata amri: forodha, kodi, na matakwa kwamba wenye mashamba wathibitishe umiliki wao. Kwa jumbe, ada zake zimekwenda. Kwa mwenye shamba, ardhi ya babu yake sasa inahitaji ushahidi mbele ya mgeni. Kwa fukara na mtumwa wa mjini, bwana mwingine ameongezeka juu ya wale aliokuwa nao. Kampuni ilifaulu kufanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote Pangani: iliwapa watu wasiopatana sababu moja ya kukasirika.

Septemba: mji unajitawala

Mwanzoni mwa Septemba watu wenye silaha kutoka vijiji vya bonde waliingia Pangani. Zelewski na wenzake wakazingirwa ndani ya nyumba yao. Sultani akamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa jeshi lake, aje na askari kutuliza mambo. Mathews aliweza kuwatoa Wajerumani wakiwa hai na kuwapeleka Zanzibar. Kisha watu wakamtaka na yeye aondoke, akaondoka.

Litazame vizuri tukio hili la mwisho. Watu walianza kwa kumtetea liwali wa Sultani na bendera ya Sultani. Wiki tatu hazikupita, wakamfukuza jemadari wa Sultani. Habari iliyokuwa imeenea mjini ni kwamba Sultani mwenyewe ndiye aliyewauza. Utii wa vizazi ulikufa katika muda wa mwezi mmoja wa Agosti na Septemba. Ndiyo maana nauita 1888 mwaka wa mageuzi ya kisiasa na siuiti mwaka wa vita tu. Kabla ya risasi za Wissmann, dola ya Zanzibar bara ilikuwa imekwisha kufa mioyoni mwa raia zake.

Moto ukasambaa. Tanga, mashua ya manowari ya Möwe ilipigwa risasi ikikaribia pwani. Manowari ikajibu kwa mizinga juu ya mji. Kilwa, maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Bagamoyo ilishambuliwa, na wanamaji wa manowari ya Leipzig wakashuka kupigana mitaani. Maelfu ya watu wakakimbilia katika misheni ya Kikatoliki. Mwisho wa Septemba, katika pwani yote iliyokodishwa kwa miaka 50, kampuni ilibaki na miji miwili tu: Bagamoyo na Dar es Salaam. Miaka 50 ilikuwa imedumu majuma sita.

Abushiri, na jambo ambalo sikulisema darasani

Katika ghasia hizo akajitokeza Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, mtu aliyewahi kusafiri bara na misafara, na ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mapenzi na masultani wa Zanzibar. Vitabu vyetu vya shule vimempa vita vyote: "Vita vya Abushiri". Wajerumani waliviita "uasi wa Waarabu", kwa sababu jina hilo liliwafaa. Majina yote mawili yanaficha ukweli mmoja, kwamba Abushiri aliukuta umati umeshasimama. Alijaribu kuuongoza, na mara nyingi umati ulikuwa mkali kuliko yeye. Yeye aliwalinda wamisionari na kuzungumza nao. Aliwakamata wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, akawaachia kwa fidia. Huyo Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 1889, vita vikiwa bado vinaendelea.

Mimi nilikulia Tanga, na upande wa mama yangu ni Pangani. Nilipokuwa mtoto tulipelekwa huko wakati wa likizo, na bibi alikuwa na habari nyingi za "zama za Mdachi" alizopokea kwa wakubwa wake. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulizungumza mbele ya watu. Nilikuwa nimeshapata shahada ya kwanza ndipo aliponiambia, jioni moja, akiwa anachambua mchele, kwamba babu wa babu yake aliletwa Pangani kukata miwa, na kwamba hakuja kwa miguu yake mwenyewe. Hakutaja alikotoka kwa kuwa hakukujua. Alisema tu: "Hayo usiyaandike." Amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, nami nimefikiri sana kabla ya kuandika sentensi hii.

Ninaiandika kwa sababu bila hiyo nitakuwa nimesema uongo. Wenye mashamba ya Pangani waliopigania uhuru wa pwani walipigania pia miwa yao, na miwa hiyo ilikatwa na watu wa aina ya babu yangu. Ninapomsifu Abushiri kama shujaa wa taifa, je, namsifu mtu ambaye ushindi wake ungemwacha mzee wangu shambani? Huenda ndiyo. Wala hatuwezi kulikwepa swali hilo kwa kusema kwamba Wajerumani walikuwa wabaya zaidi.

Lakini upande wa pili nao una hesabu yake. Bismarck alipotaka fedha za vita, aliyapamba maombi yake kwa vita dhidi ya biashara ya watumwa, jambo ambalo wakati ule lilikuwa likihubiriwa sana na Kardinali Lavigerie katika makanisa ya Ulaya. Mwishoni mwa Januari 1889 bunge la Ujerumani likaidhinisha marki milioni 2. Tangu Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zilikuwa zimeizunguka pwani kwa jina la kuzuia majahazi ya watumwa na silaha. Vita vikashindwa, vikashinda, pwani ikawa ya Wajerumani; na utumwa ukabaki halali. Mwaka 1904 serikali yao iliamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya 1905 wawe huru, bila kuwagusa wazazi wao. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mzee wangu hakukombolewa na yeyote kati ya waliopigana. Katika mkataba wa 28 Aprili hakuwapo. Katika baraza la Abushiri hakuwapo. Katika bunge la Berlin alitajwa sana, naye hakuwapo.

Na hata hivyo, nina hakika alikuwapo mahali pamoja: barabarani, Septemba 1888. Umati ule haukuwa wa mabwana peke yao. Watu wa chini waliingia katika ghasia wakiwa na madai yao wenyewe, ya kutambuliwa kama watu wa mji, ya kuwa na sauti. Hawakuandika tamko. Walilala na bunduki mbele ya nyumba ya kampuni.

Mwisho wa 1889

Sehemu inayofuata inafahamika na nitaipitia haraka. Hermann Wissmann aliajiri askari wa Kisudani wapatao 600 kutoka Misri na mamia ya Washangani kutoka Msumbiji, akaja nao Bagamoyo. Tarehe 8 Mei 1889 aliivunja ngome ya Abushiri jirani na Bagamoyo. Saadani ilipigwa mizinga mwezi Juni. Julai, Pangani na Tanga zikachukuliwa katika juma moja. Abushiri alikimbilia bara, akaishambulia Mpwapwa, akarudi na Wambunga, ambao vijiji walivyopita viliwaogopa kuliko vilivyomwogopa Mjerumani. Hapo ndipo alipoipoteza nchi. Mkubwa mmoja wa kijiji akamkamata na kumtoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani, katika mji wake mwenyewe. Bwana Heri aliendelea hadi Aprili 1890, kisha akajisalimisha akiwa na njaa pamoja na watu wake.

Kampuni haikurudishiwa utawala. Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 na kuichukua pwani moja kwa moja. Kuanzia 1891 ikawa koloni la serikali. Khalifa hakuziona fedha hizo; alikuwa ameshafariki Februari 1890, na Zanzibar yenyewe ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka huo huo. Kumbuka tena msemo wetu: aliyesaini kwa niaba ya wengine bila kuwauliza, nchi yake nayo ikagawiwa mezani bila ya nyumba yake kuulizwa.

Wajerumani hawakujenga utawala mpya kutoka hewani. Waliwachukua maliwali, maakida na majumbe, wakaueneza mfumo huo wa pwani bara nzima, pamoja na Kiswahili. Shule ya serikali ikafunguliwa Tanga. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ukaanzia Tanga, na mkonge ukaingia nchini mwaka huo huo. Biashara ikahama Pangani. Usingizi unaouona pale kivukoni leo ulianza wakati huo.

Na mshairi wa Mrima, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, akatunga utenzi juu ya yote hayo, "Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima". Litazame hilo neno lake, kutamalaki: kumiliki, kujifanya mwenye mali. Aliishi katika matukio hayo, na hakuona kwamba nchi yake imepewa "ulinzi" au "ukodishaji". Aliona imemilikiwa. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuufungua utenzi huo. Carl Peters wanamjua.

Turudi kwa yule binti

Je, sisi alituuza nani? Jibu langu ni kwamba Pangani haikuuzwa na mjinga. Ilikodishwa na mtawala msomi, kwa mkataba ulioandikwa vizuri, wenye muda maalumu, wenye kifungu cha malipo, unaoitambua bendera ya nchi. Kasoro yake haikuwa katika lugha. Watu waliopaswa kuishi chini yake hawakuambiwa mpaka siku wanamaji waliposhuka.

Mwaka 2023, wakati nchi nzima ilipobishana kuhusu makubaliano ya bandari na Dubai, nililisikia jina la Mangungo kila nilipokwenda: redioni, kwenye daladala, na katika chumba cha walimu. Kila upande ulijigamba kwamba umesoma vifungu. Tanga sasa tunalitazama bomba la mafuta linalotoka Hoima, kilomita 1,443, likiishia Chongoleani, kwenye maji yale yale ambayo Möwe ilitia nanga. Sisemi kwamba mikataba ya leo ni ile ya 1888. Leo tuna jamhuri, tuna Bunge, na tuna sheria za 2017 zinazolipa Bunge hilo uwezo wa kuitazama upya mikataba ya mali asili yenye masharti ya hila. Anayelinganisha bila kutaja tofauti hizo anachochea, hafundishi.

Nasema tu kwamba kuna swali tunaloliuliza sana na swali tusiloliuliza. Tunauliza: aliyesaini, je, alielewa? Watu wa Pangani wangetuambia tuulize na hili: mvuvi, mwenye minazi, mama anayekaanga samaki forodhani, walielezwa lini, na nani, na walikuwa na njia gani ya kusema hapana? Kama jibu ni kwamba wataelezwa baadaye, mkataba huo unaweza kuwa na vifungu bora kuliko vyote duniani, na bado siku ya kuutekeleza ikawa siku ya kwanza ya kuujadili. Mjadala unaoanza siku hiyo huwa ghali.

Likizo hii nitakwenda Pangani. Nimemwomba yule binti anikutanishe na wazee wa kwao, kwa kuwa nimegundua kwamba kwao na kwa bibi yangu ni mtaa mmoja. Nitawauliza wanakumbuka nini. Nadhani kuna mengi ambayo nao waliambiwa wasiyaandike. Huenda wakati umefika wa kuyaandika, tukiwapo wote mezani: wajukuu wa majumbe, wa wenye mashamba, na wa waliokata miwa.